Maswali ya Wasomaji: Vunjajungu Aliyegoma Kula

SWALI: Mwanangu alimkamata mdudu wa kijani juu ya mpera, mrefu kama kidole changu cha kati, akamweka ndani ya chupa ya plastiki tuliyoikata. Mama mkwe anasema huyo ni vunjajungu na kwamba atakayemgusa atavunja vyombo. Ana mabawa yenye doa jeupe kila upande na tumbo limevimba. Mwanzoni alikula panzi kwa pupa, lakini leo ni siku ya nne hagusi kitu, na usiku macho yake hugeuka meusi. Ni wa aina gani, na je, anaumwa? (Mama, Muheza)

JIBU: Mama mkwe hajakosea jina, na imani hiyo ya vyombo kuvunjika ni ya zamani pwani, ingawa mwenye mikono mizito huvunja sahani bila msaada wa mdudu. Mwili mpana wa kijani pamoja na doa jeupe karibu na ukingo wa kila bawa la mbele ni dalili za jamii ya Sphodromantis, iliyoenea sehemu nyingi za Afrika. Kumtambua hadi spishi yake kwa kumtazama tu ni vigumu, kwa kuwa wataalamu wenyewe mara nyingi hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya dume.

Jambo la kwanza la kutazama kwa vunjajungu yeyote aliyetoka porini ni mabawa. Asiye nayo bado anakua, na hugoma kula anapokaribia kujivua gamba, yaani kutoka ndani ya ngozi yake ya zamani. Huyu wenu anayo, maana yake ameshakomaa, kwa hiyo hatajivua gamba tena, na kugoma kwake kula lazima kuwe na sababu nyingine. Mtazameni tumbo kwa chini akiwa ameshikilia ukuta wa chupa, mhesabu pingili: jike huonyesha 6, dume 8. Kwa tumbo lililovimba namna hiyo, nadhani mtahesabu 6, na kwamba anajiandaa kutaga. Mwekeeni kijiti kilichosimama wima. Atakigeuzia mkia na kutoa povu jeupe ambalo hukauka likawa kifuko cha kahawia chenye mayai. Akiwa alipandwa kabla ya kukamatwa, watatoka watoto wengi mno kwa chupa moja, nao hulana. Kwa hiyo kifungeni kijiti hicho kwenye kichaka, mahali ambapo sisimizi hawafiki kwa urahisi, kabla hawajaanguliwa.

Hata hivyo, wa porini huweza kuwa na mgeni tumboni. Wapo minyoo wembamba kama uzi, wa rangi ya kahawia, wanaokulia ndani ya vunjajungu na kutoka wanapofikishwa majini. Ikiwa tumbo limevimba kwa sababu hiyo, hakuna dawa.

Macho kuwa meusi usiku ni kawaida. Weusi huondoka kukipambazuka. Nukta ndogo inayoonekana kumfuata anayemtazama nayo si ugonjwa. Doa jeusi lisilohama mchana ndilo la kuhofia, kwa kuwa mara nyingi hutokana na jicho kusuguliwa kwenye plastiki. Mhamishieni kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua, mnyunyizieni maji kidogo kila siku anywe matone, na msimpe wadudu waliotoka kwenye shamba lililopuliziwa dawa.

SWALI: Wangu ni mdogo, hana mabawa. Tangu jana ananing'inia kichwa chini kwenye kifuniko, na panzi niliyemtilia anampita tu bila kushikwa. Nimsubiri? (Msomaji, Voi)

JIBU: Msubiri yeye, lakini panzi mtoe sasa hivi. Huyo ni tunutu, yaani vunjajungu ambaye hajakomaa, anayekaribia kujivua gamba, kwa maana halisi ya maneno hayo na si ya wanasiasa, na katika saa hizo mwili wake ni laini kiasi kwamba panzi mwenye njaa anaweza kumtafuna. Usimguse wala usikitikise chombo, kwani akianguka katikati ya kazi hiyo, miguu hukaukia mahali ilipopinda. Chombo kiwe na kimo kisichopungua mara 3 ya urefu wake, na kifuniko kiwe cha kitu anachoweza kukishika kwa kucha, kwa sababu plastiki laini humtelezesha. Baada ya kutoka, mwache siku nzima mwili uwe mgumu, kisha umpe nzi mmoja kwanza.