Saa moja kila siku na bado hupandi: tatizo liko kwenye lengo

Mkuu, umeuliza kwa nini mwaka mzima wa kushika gitaa saa moja kila siku haujakutoa kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kama C, F au Am) zile zile nane, na lengo lako umeliandika hivi: "niwe mpigaji mzuri". Tatizo limekaa hapo hapo. Hilo ni tamanio. Halikuambii jioni ya leo uanze na nini, wala wiki ijayo halitakuambia kama umefika.

Lengo la mazoezi linataka kitu kimoja cha kufanya kwa mikono, kipimo chake na siku ya kukipima. Mfano: kubadili C kwenda F mara 50 ndani ya dakika moja, nyuzi zikilia safi, ifikapo Jumamosi ya wiki ya tatu. Weka saa ya simu sekunde 60, hesabu, andika namba kwenye daftari. Ukipata 22 leo, lengo la wiki hii ni 30, basi. Ukishafika 60, nyimbo nyingi za mwendo wa kawaida hazitakuacha nyuma.

Namba ikigoma kupanda siku nne au tano, usiongeze muda, tafuta kidole kinachochelewa. Angalia Am kwenda C. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa, wa 1, hadi ule mnene kabisa, wa 6; freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo, vinavyohesabiwa kuanzia kichwani. Kidole cha shahada kiko uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, na vyote viwili vinabaki pale pale. Anayehama ni wa pete peke yake: anatoka uzi wa 3 freti ya 2, anaenda uzi wa 5 freti ya 3. Wengi huinua mkono mzima na kuipanga kodi upya kidole baada ya kidole, halafu wanashangaa mdundo unawakimbia. Rudia huo mruko wa kidole cha pete tu, mara ishirini taratibu, bila hata kupiga nyuzi, ndipo urudi kwenye saa.

F ya kulaza kidole ndiyo inayokatisha watu tamaa, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kidole cha shahada, kilicholazwa juu ya nyuzi zote sita, kinawajibika kwa nyuzi tatu tu: wa 6, wa 2 na wa 1. Zile za katikati zimeshikwa na vidole vingine, hivyo kukandamiza zote sita kwa nguvu moja ni kujichosha bure. Kigeuze kidogo kilalie ubavu wa upande wa gumba, penye mfupa, na kikae karibu kabisa na chuma cha freti. Usianzie freti ya 1. Anzia ya 5, ambako umbo lile lile ni A, kwa sababu jirani na kichwa cha gitaa nyuzi hukaza zaidi chini ya kidole. Piga uzi mmoja mmoja. Zote sita zikilia, shuka freti moja. Lengo la wiki linaweza kuwa hilo tu: kutoka freti ya 5 hadi ya 3.

Kama ya 5 inalia vizuri na ya 1 inagoma wiki nenda rudi, kagua gitaa kabla ya kujilaumu. Bana uzi kwenye freti ya 3, tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na chuma cha freti ya 1. Ikizidi sana unene wa karatasi, basi kile kipande chenye mifereji chini ya kichwa kinahitaji fundi akichonge. Hakuna zoezi linaloponya hilo.

Kwenye skeli (noti zinazopigwa moja moja kwa mpangilio wa kupanda na kushuka) na solo, kipimo ni metronomu, kifaa au programu ya simu inayogonga mapigo kwa kasi unayoipanga. Mwendo wa kuanzia ni ule unaokuwezesha kupiga kipande mara nne mfululizo bila kosa, hata kama ni wa aibu. Panda mapigo 4 kwa dakika. Ukivuruga mara mbili, shuka 10, maana mkono hukariri chochote unachokirudia, makosa yakiwemo. Na andika noti ngapi kwa kila pigo: noti 4 kwenye mwendo wa 60 (mapigo 60 kwa dakika) na noti 2 kwenye mwendo wa 120 ni kasi ile ile, noti 4 kwa sekunde. Asiyeandika hivyo hujipongeza kwa kusimama palepale.

Malengo matatu kwa mwezi yanatosha: la mikono kama hayo hapo juu, la wimbo, na la shingo ya gitaa. La wimbo liwe wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, kwa kasi yake, umerekodiwa na simu. Ukikosea katikati, songa mbele. Wapo wanaojua vianzio ishirini na hawamalizi hata wimbo mmoja. La shingo, kariri uzi wa 6: F freti ya 1, G ya 3, A ya 5, B ya 7, C ya 8, D ya 10. Ukizijua, umbo moja la F limekupa kodi sita.

Kwa nusu saa: dakika 12 mikono, 12 wimbo, 6 shingo. Nusu saa hiyo kila siku inashinda saa nne za Jumapili. Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida. Kifundo cha mkono kikiuma au vidole vikifa ganzi, weka gitaa chini siku hiyo.

Tarehe ikifika hujamaliza, soma daftari. Namba zilikuwa zinapanda? Jiongezee wiki moja. Zimesimama tangu wiki ya pili? Lengo ni kubwa, likate: badala ya C kwenda F, fanya F peke yake, kuiachia na kuishika tena, mara 20 kwa dakika.