Kanisa moja, karne ngapi?

SWALI: Habari zenu wahariri. Mi kila nikipata wikiendi napenda kuzunguka makanisa ya zamani vijijini huku Uingereza. Sasa kila ninapoingia nakuta karatasi inasema kanisa la karne ya 12, nikiangalia madirisha naona kabisa ni ya baadaye, mnara nao una sura yake. Niamini karatasi au macho?

JIBU: Amini macho ndugu yangu. Karatasi haidanganyi, ila mara nyingi inataja kile kilicho kikongwe kuliko vyote, labda mlango tu au birika la ubatizo, vingine viliongezwa kidogo kidogo hela ilipopatikana. Kwaiyo usiulize kanisa lina miaka mingapi, uliza huu ukuta una mingapi.

Anza na matao. Tao la duara kwenye ukuta mnene, mara nyingi lina michoro ya zigizaga, hao ni Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, baada ya 1066 mpaka kuelekea 1200. Likiwa na ncha ushaingia Gothiki, mtindo wa ujenzi uliofuata, na hapo madirisha ndo yanakuongoza: kwanza membamba marefu kama mikuki, baadaye yanapanuka na mawe yanapindapinda kama maua, halafu kuanzia katikati ya miaka ya 1300 yanakuwa makubwa, nguzo zake zimenyooka mpaka juu. Nenda Long Melford au Lavenham kule Suffolk uone hela ya sufu ilivyofanya kazi, vioo kila mahali, mpaka unajiuliza kijiji kilitaka nini na jengo lote lile.

Ila mimi napenda makovu zaidi. Angalia mnara pale unapokutana na paa, mara nyingi utaona mstari wa mawe kama V iliyopinduliwa, juu kabisa ya paa la sasa. Hapo ndo paa la zamani lilipofika, lilikuwa limechongoka, baadaye likashushwa.

Na ukifika Escomb, County Durham, kanisa la karne ya 7 la Wasaksoni, waliokuwepo kabla ya Wanormani, zunguka ukuta wa kaskazini utafute jiwe lililoandikwa LEG VI, limekaa kichwa chini miguu juu. Hiyo ni alama ya legioni ya sita, kikosi cha jeshi la Warumi, mawe yalitolewa kwenye ngome yao pale jirani Binchester, na fundi sidhani kama alihangaika kusoma, yeye alitaka jiwe likae tu.

SWALI: Nikikuta mlango hausogei na hakuna mtu, nigeuze?

JIBU: Usigeuze haraka. Ile pete ya chuma watu wanaivuta weee, wakati inatakiwa uizungushe, komeo linyanyuke kwa ndani, utasikia "kah!", halafu sukuma na bega. Ikigoma kweli soma tangazo kibarazani, mara nyingi wameandika ufunguo uko kwa nani. Ukitoka funga vizuri, ndege akiingia humo hapati pa kutokea na maji hamna.