Kifusi kwenye mikoko: tupande au tushtaki?

SWALI: Ndugu wahariri, huku kwetu Kunduchi kuna mtu kamwaga kifusi kwenye mikoko ili apate kiwanja. Kikundi chetu kina miche 800 ya mkoko kwenye viriba. Tupande sasa au tusubiri sheria?
– Msomaji, Kunduchi

JIBU: Msipande bado. Mche uliowekwa juu ya kifusi haufikiwi na maji ya bahari, utakauka tu. Kifusi kiondoke kwanza mpaka usawa wa tope la zamani. Siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi), maji yakijaa, pimeni kina kwa fito pale penye miti hai, kisha pale palipofukiwa. Vina vikilingana, mmefika.

Nani aondoe? Aliyemwaga, kwa gharama yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaruhusu apewe amri ya kuparejesha mahali hapo karibu na hali yake ya awali. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani, hata asiye na kiwanja jirani. Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo ninyi pia ombeni kibali kabla ya kuchomeka hata mche mmoja.

Barua inayosema "wameharibu mazingira" basi, hukwama. Andikeni tarehe, majiranukta (namba zinazoonyesha mahali penyewe kwenye ramani) kutoka kwenye simu na namba za malori. Picha moja ipigwe kwa mbali, ionekane nyumba au mti unaojulikana. Nyingine karibu, futi ikiwa imelazwa juu ya kifusi. Pelekeni nakala serikali ya mtaa, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua "haijafika".

Sasa miche. Miche 800 ya mkoko mtupu, yaani aina moja tu kati ya miti iitwayo mikoko, inatutia wasiwasi. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni pa mlilana; mkoko hufuata nyuma yake; kuelekea nchi kavu ni mkandaa na mchu. Tazameni mti hai ulio usawa uleule, mpande aina hiyohiyo. Tena maji yakirudi na miti mama ikiwa jirani, mbegu huelea zikaja zenyewe, kwa hiyo ngojeni msimu mmoja, kisha mjaze mapengo tu, mita moja kati ya mche na mche. Pandeni wakati wa maji mafu (siku maji yanapojaa kidogo tu) ili miche isizolewe kabla ya kushika, na vueni kiriba chote. Nailoni ikibaki, mizizi hujisokota humo na mche hudumaa.