Wakitaka kufunga kituo usiku, nenda na daftari

Juzi nimepata meseji inboksi, dada mmoja yuko Geita, anasema kituo chao cha afya wametangaziwa kwamba badala ya saa 24 sasa kitakuwa kinafungwa saa nne usiku, sababu wahudumu hawatoshi, na mkutano wa mtaa ni wiki ijayo, anauliza aende akaseme nini. Nimemjibu kwa voisi tatu ndefu mpaka bando likaanza kulia. Nikaona bora niandike tu hapa maana hayuko peke yake, na nyie mnaonisoma nawajua, nyie ni watu wa kutaka mambo yaende, sio wa kukaa kibarazani mnalaumu serikali halafu kesho hola.

Kwetu ilitukuta mwaka juzi. Niko Mwanza, huku pembeni ambako lami inaishia. Mwanangu wa pili ana pumu, alikuwa na miaka sita, na pumu yake ina tabia ya kuja saa nane usiku, sijui kwanini inapenda saa nane. Nilikuwa nishazoea, anaanza tu ile sauti kifuani kama filimbi, namfunga na kanga mgongoni, dakika kumi kwa miguu niko kituoni, anawekewa ile mashine ya kuvuta dawa, alfajiri tunarudi anaomba chapati. Sasa unaniambia saa nne geti linafungwa, niende wapi? Mpaka hospitali ya mkoa ya Sekou Toure usiku boda anataka elfu nane na hapo umpate aliye macho.

Kwahiyo nikaenda mkutanoni na hasira zangu. Na hapa naomba niseme ukweli, niliharibu. Nilisimama nikaongea, nikapaza sauti, nikasema mnataka kutuulia watoto, nikamnyooshea kidole mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, ambaye kumbe hata yeye uamuzi sio wake, kaletewa tu kutoka juu, na wauguzi wake wawili wamehamishwa hajapewa mbadala. Mwenyekiti akaniambia mama kaa chini, umeeleweka. Watu wakacheka. Na jirani yangu, ambaye mimi ndo nilimshikia mtoto wakati anaumwa, nikamsikia kwa masikio yangu anasema huyu anatafuta udiwani. Aisee iliniuma, na mpaka leo tukikutana dukani nasalimia tu basi.

Mganga alijibu kwa upole, akasema mjamzito akishikwa usiku mpigie 115, gari la m-mama linakuja, ni bure. Mkutano ukapiga makofi. Na ni kweli ni bure, ila ule mfumo ni wa wajawazito, waliotoka kujifungua na vichanga. Mtoto wa miaka sita mwenye pumu hayumo, mzee wa presha hayumo, kijana aliyepata ajali ya boda hayumo. Mi nililijua hilo ila kwa hasira likanitoka kichwani, nimekuja kulikumbuka nimelala kitandani naangalia dari.

Aliyeninyoosha ni bibi mmoja mkunga mstaafu, anauza dagaa sokoni siku hizi. Aliniita akaniambia, wewe mwanangu una mdomo, lakini kule hawasikilizi mdomo, wanasikiliza hesabu. Akanifundisha kitu ambacho sikukijua kabisa, kwamba kituo kina kamati yake ya usimamizi, na humo ndani kuna wawakilishi wetu wananchi, sio wafanyakazi watupu, na hao ndo wanakaa na mfawidhi kupanga mipango na bajeti ya kituo. Nikauliza mwakilishi wetu ni nani. Alikuwa fundi baiskeli ambaye nampita kila siku! Hata yeye alishangaa kuna mtu anamuulizia.

Basi bwana, fundi akaomba kwenye kamati idadi ya akina mama waliojifungua usiku, maana zile rejista za MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za kituo, kile kitabu namba 12 cha wazazi, kinaandika mpaka muda mtoto alipozaliwa. Tuliomba idadi tu, majina ya wagonjwa usiombe kamwe, ni siri zao na utaonekana mmbea. Kwa wagonjwa wengine nikawafuata vijana wa kijiwe cha boda pale getini, nikawapa daftari la kurasa 96, kila anayeingia baada ya saa nne wapige mstari na waandike saa. Walikubali haraka kuliko nilivyotegemea, kumbe usiku ndo mkate wao. Wiki tatu. Mstari, mstari, mstari.

Katikati kulikuwa na vikao, barua kwa mtendaji wa kata, njoo kesho njoo kesho, sitawachosha. Jambo likapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambapo mwenyekiti ni diwani, na fundi akasimama na daftari akasoma usiku mmoja mmoja. Hakupiga kelele hata kidogo. Mtu wa halmashauri alikuwepo, akaomba alione, akalifungua kurasa tatu nne, akanyamaza.

Matokeo: hatukushinda yote. Kliniki ya kawaida usiku imefungwa, ukiwa na kikohozi utasubiri asubuhi. Ila wodi ya wazazi na chumba cha dharura vimebaki saa 24, muuguzi mmoja na mlinzi, na mwanangu ameshavuta dawa pale mara mbili tangu hapo. Mi naona ni ushindi na nitatembea nao.

Sasa ushauri, sikilizeni. Jueni mwakilishi wenu kwenye kamati kabla hamjaumwa. Hesabuni. Msigombane na mfawidhi, mara nyingi naye kabanwa. Na hesabuni, nimesharudia najua, narudia tena. Maana sisi tuna ugonjwa mmoja, mkutano wa mtaa tunaujaza siku ya orodha ya kaya maskini, siku ya kujadili kituo wanakuja wazee sita na mbuzi, halafu usiku wa manane tunabisha geti tunamtukana mlinzi. Mlinzi kakukosea nini? Ulikuwa wapi siku wanaandika muhtasari?

Siku diwani anatangaza pale uwanjani alishukuru wadau wote. Wadau! Fundi hakutajwa, bibi hakutajwa, mimi ndo kabisaa. Na daftari langu alilichukua mtendaji ili likaambatanishwe, nimeliulizia mara mbili, naambiwa lipo kwenye faili. Kwahiyo dada yangu wa Geita, kabla hujampa mtu yeyote, pitia steshenari, toa kopi kurasa zote.