Barua kwa mwanangu: vigogo wa teknolojia na zamu ya akili mnemba

Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Google, Microsoft na kampuni nyingine kubwa zitaendelea kuongoza pale akili mnemba itakapopindua biashara zao, au yatazikuta yaliyoikuta Nokia. Naamini nyingi zitabaki na mali, lakini chache zitabaki mbele, kwa sababu kinachozirudisha nyuma si uvivu wala ujinga, bali ni faida inayoendelea kuingia kutokana na bidhaa ya zamani.

Unaikumbuka Nokia 1100, ile ya tochi, iliyojaa madukani Kariakoo. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye, tochi yake ilitufaa kila umeme ulipokatika, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Walioibuni walimjua mteja wao barabara. Lakini iPhone ilipotoka mwaka 2007, Nokia ilikuwa ikiuza karibu simu nne katika kila kumi duniani, na kuuacha Symbian, mfumo wa programu ulioendesha simu zake janja, kulimaanisha kuuacha mfumo uliokuwa bado ukiiletea kampuni faida kubwa. Mwaka 2014 biashara yake ya simu ilihamia mikononi mwa Microsoft, ambayo nayo, pamoja na utajiri wake wote, mwaka uliofuata ilihesabu takribani dola bilioni 7.6 kuwa hasara kwa sababu ya ununuzi huo.

Hata hivyo, Microsoft hiyohiyo imesimama tena. Mwaka 2014, chini ya mkuu wake mpya, Satya Nadella, ilitoa programu zake za kazi za Office kwa watumiaji wa iPad, kifaa cha mshindani wake Apple, ingawa hatua hiyo ilimpunguzia mteja sababu ya kununua kompyuta ya Windows; kisha ikaelekeza nguvu katika kukodisha uwezo wa kompyuta kupitia intaneti. Uamuzi wa namna hiyo nauheshimu sana, maana si rahisi kwa mkuu wa kampuni kuidhoofisha bidhaa inayolipa mishahara.

Ndiyo maana ninapoitazama Google sihesabu wataalamu wake, ingawa ni watafiti wake waliochapisha mwaka 2017 mbinu ambayo ChatGPT imejengwa juu yake. Natazama matangazo. Sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa watangazaji, na wengi wao hulipa pale mtu anapobofya tangazo linaloonyeshwa pamoja na majibu ya utafutaji. Sasa aliyekwisha kupewa jibu kamili na akili mnemba atabofya nini? Ikikubali mapato hayo yapungue kabla mshindani hajayapunguza, nitaamini kwamba itaongoza na zamu hii.

Akupendaye,
Mama yako