Swali la lugha: "Jeshi la polisi wa zamani" ni jeshi la nani?

Swali: Naandika historia fupi ya polisi wa Strathclyde, Scotland, ambao hawapo tena kama chombo. Nimeanza hivi: "Jeshi la polisi wa zamani wa mkoa wa Strathclyde lilivunjwa mwaka 2013." Mwenzangu anasema sentensi ina kasoro, lakini hawezi kuionyesha. Iko wapi?

Jibu: Iko kwenye silabi moja, "wa". Kiunganishi hicho kinafuata nomino inayopewa sifa. "Polisi wa zamani" ni askari waliostaafu au kuacha kazi, kwa hiyo umeandika habari za jeshi lililojaa wastaafu. Ukitaka uzamani uwe wa jeshi, andika "jeshi la polisi la zamani". Sarufi sasa ni sahihi, ila mimi bado singeridhika, maana "la zamani" laweza kusomwa kuwa ni jeshi kuukuu, la enzi za mababu. Katika historia, kirejeshi husema kwa uwazi zaidi: "lililokuwa Jeshi la Polisi la Strathclyde". Msomaji anajua papo hapo kwamba kitu kilikuwapo, kisha kikakoma.

Na huo "mkoa" utumie kwa uangalifu mkubwa. Jeshi hili liliundwa Mei 1975 kwa kuunganisha polisi wa Jiji la Glasgow na wa maeneo jirani, kama Argyll, Ayrshire na Lanarkshire, sambamba na kuundwa kwa mkoa wenyewe wa Strathclyde. Mkoa ulifutwa mwaka 1996, lakini jeshi likabaki na jina lile lile kwa miaka 17 zaidi. Kwa hiyo ukisimulia tukio la mwaka 2005 na kuandika "jeshi la polisi la mkoa", unautaja mkoa ambao haupo. Kwa kipindi hicho, "wa zamani" yako inapata mahali pake halali: "jeshi la polisi la uliokuwa mkoa wa Strathclyde", au hata "la mkoa wa zamani wa Strathclyde".

Kuhusu "jeshi", Mtanzania hatashtuka, kwani ndilo jina rasmi kwake, na "kikosi" kwake ni sehemu ndani ya jeshi, kama Kikosi cha Usalama Barabarani. Mkenya huita chombo kizima "kikosi cha polisi", na tangu Katiba ya 2010 amezoea pia "huduma ya polisi". Chagua moja kulingana na wasomaji wako, usichanganye. Ila "huduma" ningeihifadhia chombo kilichofuata, kwa sababu jina lake rasmi linabeba maana hiyo hiyo.

Limebaki "lilivunjwa". Kitenzi hiki kinanisumbua kuliko vyote, kwa kuwa kinaacha harufu ya adhabu, na hapa hapakuwa na adhabu. Tarehe 1 Aprili 2013 majeshi yote manane ya polisi ya Scotland yaliunganishwa kuwa chombo kimoja, na Stephen House, aliyekuwa mkuu wa Strathclyde hadi mwaka 2012, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chombo hicho kipya. Ningeandika: "Lililokuwa Jeshi la Polisi la Strathclyde liliunganishwa na mengine saba mwaka 2013, kukazaliwa Huduma ya Polisi ya Scotland."