Maziwa Yakiisha, Pakiti Inaenda Wapi?

Mvua za Aprili 2024 zilipoikumba Nairobi, mtaro ulio mbele ya kibanda changu hapa Umoja uliziba na maji yakapanda mpaka kizingitini. Tulitoka majirani watano na majembe kuuzibua. Yaliyotoka humo sitayasahau: tope jeusi, nguo kuukuu, na pakiti za maziwa, pakiti juu ya pakiti, zimeshikamana kama majani ya mgomba yaliyooza. Nilizitambua. Zilikuwa za maziwa niliyouza mimi, maana kwenye barabara yetu hakuna duka jingine lililokuwa na aina ile. Nilikuwa nimeuza maziwa miaka saba na sikuwahi kujiuliza hata siku moja pakiti zinaishia wapi.

Mitaro yetu humwaga mtoni. Mito ya Nairobi huingia Athi, na Athi ukikaribia pwani huitwa Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo pakiti iliyofunguliwa Umoja kwa chai ya asubuhi inaweza kumfikia mvuvi ambaye hata hajui Umoja iko wapi. Wazo hilo lilininyima usingizi.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kifungashio ambacho mtu wa kipato changu anaweza kukipata. Vingine vimenipotezea pesa. Naandika haya kwa mama anayenunulia watoto maziwa, na kwa mwenzangu anayetaka kuanza biashara ndogo ya maziwa au yogati, kwa kuwa maswali ninayoulizwa kila wiki ni yale yale.

Swali la kwanza huwa ni hili: ni karatasi au ni plastiki? Hata mimi nilianzia hapo. Nikaona maziwa ya boksi, yale yanayokaa miezi bila friji, nikasema hapa nimepata, hii ni karatasi. Hebu chukua makasi ulipasue boksi moja tupu. Utaona karatasi ngumu, ndiyo, lakini ndani yake kuna utando wa plastiki na mng'aro wa aluminiamu. Karatasi ni kama robo tatu ya uzito wake. Tabaka hizo nyingine hazikuwekwa kwa mapambo. Maziwa hayo huchemshwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, kisha yanahitaji kukingwa kabisa na hewa na mwanga ili yasiharibike. Kazi hiyo boksi linaifanya vizuri. Taabu inakuja baadaye, kwa sababu tabaka hizo zimegandana, na kuzitenganisha kunahitaji kiwanda chenye mtambo wake. Nilipomwonyesha maboksi yangu mzee wa mkokoteni anayekusanya taka mtaani kwetu, alitikisa kichwa. "Mama, hizi sina wa kumuuzia."

Jibu lake lilinibadilishia swali. Siku hizi, kabla ya kuuliza kifungashio kimetengenezwa kwa nini, nauliza nani atakichukua kikiwa tupu. Na ninauliza kwa maana ya mtu halisi, mwenye mkokoteni au gunia, anayepita kwenye barabara yangu.

Jumamosi moja nilikaa na huyo mzee akinifundisha huku akichambua mzigo wake. Mkono wake wa kwanza ulikwenda kwenye chupa nyeupe nzito za maziwa, zile zenye pembetatu chini na namba 2 katikati, namba inayoonyesha aina ya plastiki. Hizo alisema ni pesa, hata zikiwa chafu kidogo. Kisha akachukua chupa angavu zenye namba 1, kama za maji. Pakiti laini za maziwa, ambazo plastiki yake ni ya namba 4, aliziacha zote chini. Nikamuuliza mbona. Akainua moja akanipa ninuse. Maziwa yaliyosalia ndani yalikuwa yameoza, na udongo ulikuwa umeganda humo. "Zikiwa safi, kavu, tena gunia zima, nachukua. Moja moja ya matope, hapana."

Nataka kukaa kidogo kwenye pakiti hiyo, kwa sababu ndiyo wengi wetu tunanunua, na watu huilaumu bila kuisikiliza. Nilipima pakiti mia moja tupu za nusu lita kwenye mizani ya duka, zikiwa kavu. Hazikufika nusu kilo. Chupa mbili tu za kioo za ujazo ule ule zilizidi nusu kilo. Maana yake lori linaloleta pakiti limebeba maziwa, na linaloleta chupa za kioo limebeba kioo kingi pia, na mafuta yanachomeka kwa uzito huo. Hata sheria iliiachia nafasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya kuanzia shilingi milioni mbili au kifungo, vifungashio vinavyojazwa kiwandani bidhaa ikiwa ndani havikuguswa. Sisi tuliokuwa tukipima maziwa na kuyafunga kwenye juala ndio tuliolazimika kubadilika.

Kwa hiyo ukinunua pakiti, usijione mkosaji. Fanya mambo haya tu. Unapoikata, usikate kona ikaanguka. Kata ukiacha kipande kimeshika, maana kile kipande kidogo cha pembeni ndicho kinachopotea kwanza na hakuna mkokoteni utakaokiokota. Maziwa yakiisha, tia maji kidogo ndani, tikisa, mimina kwenye sufuria ya chai. Mama zetu walifanya hivyo ili wasipoteze tone, kumbe walikuwa wanaosha pakiti pia. Ipasue upande mmoja, ianike kwenye kamba ya nguo, itie kwenye gunia. Na kama kuna anayenunua lita moja au mbili nyumbani kwako, nunueni pakiti kubwa badala ya ndogo mbili, kwani lita moja kwenye mfuko mmoja inahitaji plastiki chache kuliko lita hiyo hiyo kwenye mifuko miwili.

Gunia langu lisipojaa haraka, pakiti nazitoboa chini na kuzijaza udongo. Sukuma wiki, mapapai, hata miche ya miti inaota humo vizuri. Ila ukipanda mche shambani, itoe pakiti. Nimeona watu wakiizika pamoja na mizizi.

Kuna jambo moja ambalo naomba liishe kabisa, nalo ni kuwashia jiko kwa pakiti ya maziwa. Najua makaa yakiwa na unyevu pakiti inashika moto upesi. Najua pia mwanamke anayefanya hivyo ana watoto wanaongoja uji. Lakini moshi ule mweusi unaingia kwenye mapafu ya hao hao watoto, hasa katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Tafuta maganda ya mahindi, vijiti, karatasi ya gazeti. Shuleni tulikuwa na pakiti za pembetatu za maziwa ya Nyayo, mpango wa serikali wa kuwapa wanafunzi maziwa bure ulioanza mwaka wa 1979. Tukishakunywa tulizipuliza na kuzikanyaga zilie kama bunduki, kisha zote zikachomwa shimoni nyuma ya jikoni. Hakuna mwalimu wala mzazi aliyeona vibaya. Sisi sasa tunajua.

Chupa ya kioo ndiyo iliyonivunja moyo, kisha ikanifundisha. Nilipoanza kutengeneza yogati niliona kioo ndicho kitu safi kuliko vyote: hakishiki harufu, kinachemshwa, kinatumika tena na tena. Nikanunua chupa sitini. Mwezi ulipoisha nilikuwa nimebaki na ishirini na tatu. Nyingine zilivunjika, nyingine zikageuka vyombo vya maua na mafuta ya kupikia katika nyumba za wateja wangu. Chupa ya kioo iliyotumika mara moja ni mzigo mkubwa kuliko pakiti, kwa sababu kuiyeyusha na kuiunda kulihitaji moto mkali. Faida yake inaanza inaporudi mara nyingi. Niliponunua nyingine nilitoza shilingi 50 za chupa juu ya bei ya yogati, zinazorudishwa chupa ikirudi, kama tulivyozoea chupa za soda. Wateja wawili walikasirika. Waliobaki wanarudisha, na watoto ndio wanaokimbia nazo zaidi, kwa sababu nyumba nyingine huwaachia ile hamsini. Lakini nawauzia walio mwendo wa miguu tu. Mteja wa Rongai aliyetaka nimtumie chupa kumi kwa bodaboda kila wiki nilimkatalia.

Ukitaka chupa za plastiki kwa biashara yako, chukua nyeupe isiyopitisha mwanga badala ya ile angavu. Maziwa yakipigwa na mwanga hupoteza vitamini B2 na kubadilika ladha. Na muuzaji akikwambia kifungashio chake kinaoza chenyewe, muulize kinaozea wapi. Mmoja aliniletea vikombe vilivyotengenezwa kwa wanga wa mahindi, vizuri kwa macho, bei mara mbili. Plastiki ya namna hiyo inahitaji joto la kama nyuzi 60 kwenye mitambo ya mboji ili ivunjike. Kwenye mtaro wa Umoja au kwenye jaa la Dandora itakaa tu kama plastiki nyingine.

Sasa nije kwenye mashine ya kupima, ile tunayoiita ATM ya maziwa, ambayo kwangu imeshinda vyote. Maziwa yanakuja yakiwa yamechemshwa na kupozwa, kwenye mikebe ya chuma, yanamiminwa kwenye tangi la baridi, na mteja anakuja na chombo chake. Hakuna kinachotupwa. Na kuna uzuri mwingine ambao hauhusu mazingira: mtu mwenye shilingi ishirini anapata maziwa ya shilingi ishirini. Pakiti haikupi nafasi hiyo. Mtoto anatumwa na kikombe, "Mama, nipimie ya ishirini," na jioni kuna chai ya maziwa nyumbani kwao.

Usiianze bila leseni ya Bodi ya Maziwa, na usidhani mashine itajisafisha. Lakini hatari kubwa niliyoiona iko kwenye chombo cha mteja. Wengi walikuja na chupa ya soda ya plastiki iliyotumika mwezi mzima. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, brashi haifiki kwenye mabega, na ukimwagia maji ya moto inajikunja. Maziwa yanaganda mahali usipoona, ya kesho yanachacha, kisha analaumiwa mwenye mashine. Nunua kebe la chuma lisiloshika kutu lenye mdomo mpana na kifuniko. Ni ghali mara moja, langu lina mwaka wa pili sasa na halina hata doa. Kibuyu kidogo cha mafuta ya taa au cha sabuni ya maji usikigeuze cha maziwa hata ukikiosha mara kumi.

Kuosha nako kuna utaratibu. Suuza kwanza kwa maji baridi, mara tu chombo kinapokuwa tupu. Ukianza na maji ya moto unayapika mabaki ya maziwa yashike ukutani. Baada ya hapo maji ya moto na sabuni, brashi, suuza tena, kisha ukiinamishe juani kikauke. Ukikifunika kikiwa na maji, kesho kinanuka. Nimebandika maelezo hayo ukutani karibu na mashine, na mteja mgeni namsomea.

Kuna siku stima ilipotea kutoka saa nne asubuhi hadi usiku wa manane. Nilimwaga lita thelathini. Nilisimama pale nikifikiria ng'ombe aliyetoa maziwa yale: nyasi alizokula, maji aliyokunywa, gesi ya methani aliyoitoa akicheua, gari lililoyaleta. Sehemu kubwa ya madhara ambayo lita ya maziwa huifanyia hewa hutoka huko shambani, na kifungashio ni sehemu ndogo. Kwa hiyo mtu asiye na friji, anayetumia kikombe kimoja kwa siku, nikimwambia anunue lita mbili kwenye chupa nyeupe kwa kuwa ndiyo mzee wa mkokoteni anaipenda, nitakuwa nimemdanganya. Nusu yake itamwagwa. Yeye ni heri apime ya ishirini kila jioni, na pasipo mashine karibu, anunue pakiti ndogo na aianike. Hata boksi lina watu wake: aliye mbali na duka, asiye na stima, mwenye mtoto mdogo asiyeweza kukaa siku mbili bila maziwa.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alitaka tuanze kukusanya pakiti za ploti nzima. Tuliweka gunia moja chini ya ngazi. Wiki ya kwanza liliingiwa na kila kitu, mpaka nepi. Tukalihamishia kando ya mlango wangu, tukatoboa matundu ili hewa ipite, tukaning'iniza pakiti moja safi iliyokatwa vizuri juu yake kama mfano. Nyumba kumi na mbili kati ya ishirini zinaleta sasa. Mzee hupita Jumamosi kabla ya saa tatu, na gunia likijaa anatoa pesa kidogo ambayo tunanunulia sabuni ya kuoshea ngazi.